Kilomita za kazini nazo ni kilomita

Watu wanaokwenda kazini kwa baiskeli na kufunga safari ndefu mwishoni mwa wiki wana desturi ya kuhesabu safari ya Jumamosi peke yake. Ukiwauliza wiki yao ilikuwaje, watakuambia walikwenda Bagamoyo wakarudi, au walipanda Kisarawe, na hawatazitaja hata kidogo zile asubuhi na jioni walizopenya katikati ya daladala na bodaboda. Kwao safari ya kazini ni usafiri tu, kitu cha kufika na kusahau. Mimi nashikilia kinyume chake: kilomita za kazini ni kilomita kama nyingine, mwili unazigharamia kama unavyozigharamia nyingine, na mtu anayetaka kufurahia safari ndefu kwa miaka mingi hana budi kuyapangia mapumziko nafasi yake kabla hajapanga kitu kingine chochote.

Nianze na hesabu, kwa kuwa hesabu hubadilisha mawazo ya watu haraka kuliko maelezo. Ninaishi Mbezi Beach na ofisi yangu iko Posta, katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Njia ninayoitumia inaikwepa Barabara ya Bagamoyo kadiri inavyowezekana: inapita Kawe, inashika Barabara ya Mwai Kibaki hadi Mikocheni, inakatiza Msasani hadi ufukwe wa Coco, inapanda Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, kisha inashuka karibu na Hospitali ya Aga Khan na kufuata Barabara ya Barack Obama kandokando ya bahari hadi mjini. Ni takribani kilomita 16 kwenda na 16 kurudi. Anayeiendesha kwa siku tano anamaliza kilomita 160. Kutoka Mbezi Beach hadi Bagamoyo ni kama kilomita 50, yaani 100 kwa kwenda na kurudi. Kwa hiyo mtu huyo anapoamka Jumamosi alfajiri akisema leo ndiyo siku ya kuendesha, miguu yake imeshakwenda Bagamoyo na kurudi, ikaenda tena zaidi ya nusu ya safari ya pili, kabla hajajaza hata chupa ya maji.

Kilomita, hata hivyo, hazielezi kila kitu, kwa sababu kilomita 16 za polepole na kilomita 16 za kukimbizana na mabasi hazimchoshi mtu kwa kiwango kimoja. Ipo njia nyepesi ya kupima tofauti hiyo, iliyoenezwa na Carl Foster, mtaalamu wa Marekani wa fiziolojia ya mazoezi, na uzuri wake ni kwamba haihitaji kifaa chochote zaidi ya saa. Ukimaliza kuendesha, unaipa juhudi yako alama kuanzia 0 hadi 10, ambapo 0 ni kukaa tu na 10 ni kila kilichokuwamo mwilini, kisha unaizidisha alama hiyo kwa dakika ulizoendesha. Jibu unalolipata ndilo mzigo wa siku hiyo.

Chukua sasa safari yangu ya kazini. Nikienda kwa utulivu inanichukua dakika 50, na juhudi yake ni alama 3. Kwenda na kurudi ni dakika 100, na mzigo wa siku ni 300. Mtu anayeipita njia hiyohiyo kwa kasi, akisimama juu ya pedeli kila taa inapowaka kijani, anafika kwa dakika 40, lakini juhudi yake imefika alama 7. Dakika zake 80 za siku nzima zinazaa mzigo wa 560. Kwa siku nne, wa kwanza ana 1,200 na wa pili ana 2,240. Wote wawili wakienda safari ya saa tano siku ya Jumamosi kwa juhudi ya alama 5, kila mmoja anaongeza 1,500. Tazama basi kilichotokea: kwa yule mwenye haraka, safari ya kazini imekuwa nzito kuliko ile safari ndefu anayojivunia, na alichokipata kwa uzito huo ni dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni. Dakika hizo humalizikia kwenye foleni ya lifti au katika kusubiri jasho likauke kabla ya kuvaa shati la ofisini.

Hapo ndipo penye kiini cha ninalotaka kusema. Mtu mwenye kazi, familia na umri unaosonga mbele ana akiba moja tu ya nguvu kwa wiki nzima. Akiitumia Jumanne asubuhi kumpita mwendesha bodaboda pale Mikocheni, Jumamosi haitaikuta. Safari ya kazini inapaswa kuendeshwa kwa namna ambayo mtu akikuuliza saa nne asubuhi kama umechoka, utalazimika kufikiri kwanza ndipo ujibu.

Kwenda polepole mjini ni ujuzi, na watu wengi hawaupati kwa sababu wanadhani ni suala la kupunguza kasi tu. Kinachochosha zaidi mjini ni kuanza upya. Kila unaposimama kwenye taa au kwenye kivuko cha watembea kwa miguu, baiskeli na mwili wako vinahitaji kusukumwa tena kutoka sifuri, na ukifanya hivyo ukiwa kwenye gia nzito, magoti na mapaja yanabeba gharama yote. Ninachokifanya ni kuhamia gia nyepesi kabla sijasimama, nikiwa bado natembea, ili taa ikiwaka kijani nianze kwa mizunguko mingi myepesi, nikiwa nimekaa, bila kusimama juu ya pedeli. Nikishapata mwendo, nalenga mizunguko kama 80 kwa dakika. Kipimo changu kingine ni mdomo: kama siwezi kusema sentensi nzima bila kukatwa na pumzi, basi nimeshavuka mpaka wa safari ya kazini na kuingia kwenye mazoezi. Na mbele nikiona taa inakaribia kubadilika, siikimbilii. Naachia pedeli mapema, baiskeli inakwenda yenyewe, na mara nyingi naikuta imewaka kijani kabla sijaweka mguu chini.

Hali ya hewa ya Pwani inazidisha umuhimu wa jambo hili. Mwili unajipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi, na hewa ikiwa imejaa unyevu kama ya Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi, jasho linatiririka tu na kudondoka bila kupoza sawasawa. Moyo unalazimika kusukuma damu kwenye misuli na wakati huohuo kuipeleka kwenye ngozi ili itoe joto. Ndiyo maana mwendo uleule ambao mwezi wa Julai ulikuwa alama 3, mwezi wa Februari unakuwa alama 4 au 5, ingawa barabara haijabadilika wala kasi haijaongezeka. Anayelazimisha dakika zake za Julai katika joto la Februari anaongeza mzigo wa wiki bila kujua. Katika miezi hiyo mimi naacha saa ya safari irefuke kadiri inavyotaka na natoka nyumbani mapema zaidi ili kulikwepa jua.

Kuna wanaosema kwamba safari nyepesi ya kazini yenyewe ni mapumziko, kwa hiyo hakuna haja ya siku ya kutoendesha kabisa. Wanatoa mfano wa waendesha baiskeli wa kulipwa. Ni kweli kwamba katika mashindano ya Tour de France, yenye hatua 21, kuna siku mbili za mapumziko, na ni kweli kwamba siku hizo wengi wa waendeshaji hupanda baiskeli saa moja au mbili ili miguu isigande. Lakini wakishashuka, wanapikiwa, wanakandwa misuli, na wanalala kitandani mchana. Sisi tukishuka tunaingia ofisini, tunapanda ngazi, tunakaa kwenye kikao, tunapitia sokoni, na nyumbani watoto wanatusubiri. Zaidi ya hapo, hakuna kilomita ya Dar es Salaam inayoendeshwa akili ikiwa imelala. Jicho linatazama mlango wa gari lililoegeshwa, sikio linasikiliza daladala inayotaka kuingia kituoni ghafla, mkono uko kwenye breki. Umakini huo nao ni kazi. Unachosha hata kama miguu haikufanya lolote, na hauondoki mpaka siku ambayo humo barabarani kabisa.

Siku yangu ya kutokuwamo ni Ijumaa. Sababu yake ya kwanza ni sala: Ijumaa navaa kanzu, na sioni namna nzuri ya kuendesha baiskeli kilomita 16 kwa kanzu na kufika msikitini mchana nikiwa nadhifu. Lakini hata kama sababu hiyo isingekuwapo, ningeichagua siku hiyohiyo, kwa sababu iko mahali panapofaa, kati ya siku nne za kazini na safari ndefu. Misuli na ini huhifadhi wanga, na akiba hiyo ikishapungua inahitaji kama saa 24 za kula vizuri ili ijae tena. Anayeendesha Ijumaa jioni na kuondoka Jumamosi alfajiri anaondoka na akiba pungufu, naye atalijua hilo mahali fulani kati ya Kerege na Bunju wakati wa kurudi.

Ijumaa napanda daladala, na hiyo nayo nimeitafutia faida. Nabeba mashati yaliyopigwa pasi ya wiki inayofuata na kuyatundika kwenye kabati la ofisini, na jioni narudi na yaliyotumika. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi kariya ya baiskeli inabeba chakula cha mchana, taulo dogo na koti la mvua tu, na mgongo hauna begi. Kwa mtu anayetoka jasho kama sisi wa Pwani, kuuacha mgongo wazi ni nafuu kubwa. Mchana, baada ya sala, kama kuna kipuri kinachohitajika, Kariakoo ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka mjini, na huko hukosi tyubu wala kebo ya breki.

Ili Ijumaa iwe tupu kweli, baiskeli naihudumia Alhamisi jioni. Hili wengi hulifanya Ijumaa usiku, wakajikuta saa nne bado wamechutama barazani na mikono myeusi, ilhali alfajiri ni ya kuondoka. Alhamisi, nikishafika na kunywa maji, naipindua baiskeli isimame juu ya usukani na siti, nachukua kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, naishika cheni ndani ya kitambaa kwa mkono wa kushoto na kuzungusha pedeli kinyumenyume kwa mkono wa kulia. Vumbi la Mbezi na chumvi ya bahari ya Barabara ya Barack Obama hutoka pamoja kama uji mweusi. Nageuza upande wa kitambaa mpaka kitambaa kinatoka na rangi yake. Cheni ikikauka natia mafuta, tone moja kwa kila kiungo, na kufuta yanayobaki nje, kwa sababu mafuta ya nje hayafanyi kazi yoyote isipokuwa kuokota mchanga. Kisha napapasa tairi taratibu, duara zima, kwa kidole gumba. Kigae cha chupa kinaweza kukaa ndani ya mpira siku kadhaa, kikisogea kidogokidogo kwa kila mzunguko, kabla hakijaifikia tyubu; kukikuta Alhamisi kwa ncha ya sindano ni jambo la dakika moja, ilhali kukikuta Jumamosi porini baada ya Mapinga ni kiraka, solusheni na pampu juani. Mwisho nakandamiza breki zote mbili na kutazama raba zake zimebaki unene gani, kwa kuwa safari ya mjini inazila kuliko watu wanavyodhani.

Jumamosi naondoka baada ya sala ya alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, taa zikiwa zimewashwa mbele na nyuma. Saa hiyo malori ya saruji yanayotoka Wazo bado ni machache, na hewa ina ubaridi ambao hautarudi tena siku hiyo. Njia ni Tegeta, Boko, Bunju, Mapinga, Kerege, kisha Bagamoyo. Kwa kuwa Bagamoyo iko kaskazini magharibi mwa Dar es Salaam, upepo wa msimu ndio unaoamua safari itagawanyikaje. Wakati wa kusi, tangu kama Aprili hadi Septemba, upepo unatoka kusini na kusini mashariki: unakusukuma wakati wa kwenda na kukukabili wakati wa kurudi, tena kusi huwa dhaifu alfajiri na kuimarika jua likipanda. Mtu huona anakwenda vizuri ajabu, anafika Bagamoyo akiwa na furaha, kumbe nusu ya mwendo ule haukuwa wake. Kwa hiyo katika miezi hiyo kwenda kunapaswa kuwa kwa utulivu uleule wa safari ya kazini, na nguvu ziwekwe kwa ajili ya saa mbili za mwisho. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mambo yanageuka: upepo unakuja ubavuni na usoni wakati wa kwenda na unasaidia wakati wa kurudi, lakini jua la saa tano linachukua ulichopewa na upepo.

Njiani huko ndiko nilikojifunza mengi kuhusu kutumia nguvu kwa uangalifu, kwa kuwatazama wabeba mkaa. Wanakuja mjini na baiskeli za chuma zisizo na gia, magunia yamefungwa nyuma kwa mipira, na uzito ambao wengi wetu tusingeweza kuusimamisha wima achilia mbali kuuendesha. Hutamwona hata mmoja akisimama juu ya pedeli. Kwenye tambarare anakwenda mwendo mmoja, mabega yametulia, mikono imelegea. Mwinuko ukianza, anashuka mapema, kabla mguu haujaanza kukaza, anaweka mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gunia na kusukuma kwa hatua fupi. Kivuli kikipatikana anapumzika bila kusubiri achoke. Kwao hiyo ni riziki, nami sitaki kuufanya ugumu wa maisha ya mtu uwe somo la starehe yangu bila kuutambua. Lakini hakuna mwalimu wa baiskeli anayejua zaidi yao namna ya kufika leo na kuweza kutoka tena kesho.

Kuhusu chakula, sheria ni kula kabla ya njaa. Katika safari ya zaidi ya saa mbili mwili unafaidika na gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na huhitaji kununua vya kwenye pakiti za rangi. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25. Tende nne au tano ndogo zinakaribia hapo. Kiazi kitamu cha kuchemsha, kashata, andazi la asubuhi, vyote vinafanya kazi, na vinakaa vizuri kwenye mfuko wa shati. Maji ni suala la kujipima: ukijipima uzito kabla na baada ya safari, kila kilo moja iliyopungua ni takribani lita moja ya jasho ambayo hukuirudisha. Kwenye joto letu jasho la lita moja kwa saa ni jambo la kawaida kabisa. Chupa moja naweka maji matupu, ya pili naweka maji yenye ndimu, sukari na chumvi kidogo, kwa sababu kunywa maji matupu mengi kwa saa nyingi huku ukitoa chumvi kwa jasho ni hatari ya aina yake. Bagamoyo nakunywa dafu na kula chapati na maharage, nikiwa nimekaa chini kwelikweli, nusu saa au zaidi. Huo nao ni sehemu ya safari, si kuchelewa.

Urefu wa safari naupandisha taratibu, na baada ya Jumamosi tatu zinazorefuka huja moja fupi. Jumamosi fupi huwa Kigamboni: navuka kwa kivuko pale Magogoni, baiskeli pembeni yangu, naendesha Mjimwema hadi Kibada na kurudi kupitia Daraja la Nyerere. Ni saa mbili tu, tena za kutazama. Watu huiona wiki hiyo kuwa ya kupoteza, lakini mwili haujengeki wakati wa kuendesha. Unajengeka baada yake, usingizini na mezani, na usipoupa wiki ya kujenga utakuwa unabomoa tu.

Jumapili haina baiskeli. Nasafisha nguo, natembea na watoto, nalala mchana. Mtu akiwa na hamu ya kuendesha Jumapili, hiyo ni dalili njema, na aihifadhi hamu hiyo mpaka Jumatatu, aende nayo kazini kwa mwendo uleule wa kuzungumza. Jumatatu ndiyo ninayoiendesha taratibu kuliko siku zote. Na kama Jumamosi ilikuwa ndefu kuliko kawaida, Jumatatu nayo inakwenda kwa daladala, bila kuona haya.

Dalili za kwamba mizani imeharibika zinakuja mapema, ila hazipigi kelele. Ya kwanza ni mapigo ya moyo asubuhi kabla hujainuka kitandani: yakiwa juu ya kawaida yako kwa mapigo matano hadi kumi kwa dakika, siku mbili mfululizo, mwili bado uko kazini. Ya pili ni usingizi unaokatika saa nane usiku bila sababu, ilhali umechoka. Ya tatu ni hasira ndogondogo barabarani. Daladala ileile iliyokuingilia juzi ukatabasamu, leo inakutia ghadhabu hadi ofisini. Ya nne ninaipata kwenye Daraja la Tanzanite. Mwinuko wake ni mdogo, na siku za kawaida naupanda bila kugusa gia. Nikijikuta nahamia gia nyepesi kabla ya katikati, na upepo haukabili, najua kwamba safari ya Jumamosi inapaswa kufupishwa, naifupisha siku hiyohiyo kichwani kabla hamu haijaanza kujadiliana nami.

Ramadhani inabadilisha kila kitu, na naona ni vyema kuizungumzia wazi kwa kuwa Waislamu wengi wanaoendesha baiskeli huachwa wabahatishe wenyewe. Mwezi huo sina safari ndefu kabisa. Asubuhi kwenda kazini ni rahisi, kwani daku bado liko tumboni na jua halijapanda. Kurudi ndiko kugumu: saa kumi na nusu jioni, bila maji tangu alfajiri, katika joto. Kwa hiyo naendesha siku mbili au tatu tu kwa wiki, narudi kwa alama 2 badala ya 3, na siku yenye joto kali baiskeli inalala ofisini nami napanda gari. Baada ya Idi narudi na safari ya saa mbili ndipo nijenge tena, na siku zote hali inarudi haraka kuliko nilivyotarajia.

Masika nayo ina mapumziko yake. Mvua ikinyesha usiku kucha, maji yanafunika mashimo na mtu hawezi kujua kilichopo chini ya dimbwi. Siku hiyo haiendeshwi, wala hailipwi kwa kuongeza kilomita siku inayofuata. Kuilipa siku ya mapumziko ni kuifuta.

Lengo langu la mwaka huu limechukuliwa kutoka kwa waendesha baiskeli wa masafa marefu wa Ufaransa. Klabu ya Audax Club Parisien, ambayo ndiyo inayoandaa safari ya kilomita 1,200 ya Paris–Brest–Paris kila baada ya miaka minne, inaweka kikomo cha saa 13 na dakika 30 kwa safari ya kilomita 200. Ukigawa utaona ni kama kilomita 15 kwa saa, vituo vyote vikiwemo. Huo ni mwendo wa mtu wa kazini kabisa. Hauhitaji kasi ambayo hatuna. Unahitaji kukaa juu ya siti kwa utulivu muda mrefu na kufika pale ukiwa umepumzika. Njia niliyoichora inapita Bagamoyo, inashika barabara ya Msata, inavuka bonde la Mto Ruvu na kufika Kiwangwa kwenye mananasi. Kutoka Mbezi Beach kwenda na kurudi ni takribani kilomita 160, na 40 zinazobaki nitazipata kwa kusonga mbele zaidi kuelekea Msata kabla ya kugeuza. Nitaifanya Agosti, usiku ukiwa na ubaridi, na kwa sababu ya kusi nitapanga saa sita za kwenda na saa saba na nusu za kurudi. Wiki ya safari hiyo nitaendesha kwenda kazini Jumatatu na Jumanne tu.